LAN ya dukani na WAN ya Dar–Mwanza: uzoefu wangu na zote mbili

Biashara yetu ni spea za magari. Duka na stoo vipo Gerezani, Kariakoo, na tawi liko Mwanza. Nimetumia LAN, yaani mtandao wa ndani, pale dukani, na WAN, yaani mtandao wa masafa marefu, ya kuunganisha Dar na Mwanza, kwa muda wa kutosha kuzisema zote mbili bila kumwonea mtu. Kwa wenye haraka natoa jibu hapa hapa: LAN unainunua mara moja inakuwa yako. WAN unaikodi kila mwezi, na sehemu kubwa ya njia yake iko mikononi mwa watu usiowajua. Ukishalijua hilo utajua kazi ipi uiweke wapi.

LAN kwanza, maana ndiyo iliyonifurahisha. Ni mtandao wa ndani ya jengo: kompyuta za kaunta, printa, kinasa picha cha kamera na kompyuta moja tuliyoifanya seva, yaani ya kutunza data za wote, vyote vimechomekwa kwenye swichi ya gigabit, kile kisanduku cha kuunganisha waya kinachopitisha biti bilioni moja kwa sekunde. Pale intaneti inapoingia kuna ruta ndogo ya MikroTik, kampuni ya Latvia. Ruta hiyo menyu yake si ya kila mtu, usiinunue kama huna fundi anayeijua, lakini ikishapangwa unasahau kama ipo.

Pesa usibane kwenye waya. Boksi la kwanza tuliloletewa lilikuwa na mita 305, limeandikwa Cat6 (daraja la waya wa mtandao) kwa herufi kubwa, na bei yake ilikuwa tamu kupita kiasi. Fundi hakulifungua lote. Alivuta kipande, akamenya ganda la nje, akachukua kisu akakwangua uzi mmoja. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe kama sufuria. Akanipa nishike: “Kaka, hii ni aluminiamu imepakwa shaba. Nikikuwekea hii, kila mwezi utanipigia simu.” Tukarudisha. Waya wa aina hiyo unakatika kirahisi ukikunjwa kwenye kona, na hasara yake inaonekana zaidi ukitaka kupitishia umeme wa kamera humo humo, kwa sababu aluminiamu inapoteza umeme njiani zaidi kuliko shaba. Hata bila kisu unaweza kubahatisha: boksi la shaba tupu ni zito, la aluminiamu unalinyanyua kwa mkono mmoja huku unaongea na simu.

Jambo la pili ni urefu. Waya wa shaba wa Ethernet, yaani huu wa LAN, kikomo chake ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na mita hizo zinahesabiwa kwa njia anayopita waya: kupanda ukutani, kuzunguka dari, kushuka tena. Stoo yetu ya nyuma kwa macho iko karibu tu, lakini njia ya waya ilikaribia kabisa kikomo. Tukaweka swichi ndogo katikati, pale penye ngazi, na hapajawahi kutusumbua. Ukiwa na umbali mkubwa zaidi ya huo, au majengo mawili yenye umeme tofauti, chukua faiba, waya unaopitisha mwanga badala ya umeme.

Matokeo yake? Tuna folda ya picha za spea, karibu GB 4. Kutoka kaunta kwenda seva inahama kwa chini ya dakika moja. Folda hiyo hiyo kwenda Mwanza kwenye kifurushi cha Mbps 10 ni karibu dakika 53, tena kama laini iko safi na hakuna mwingine anayeitumia. Hapa wengi huchanganywa na matangazo: Mbps ni biti, faili zako zinapimwa kwa baiti, kwa hiyo gawanya kwa 8. Kifurushi cha 10 kinakupa MB 1.25 kwa sekunde, basi.

Na kuna hili ambalo wauzaji wa intaneti hawatakwambia: intaneti ikikatika, LAN haijakatika. Simu inaandika hakuna intaneti, kijana wa kaunta anainua mikono juu, kumbe ankara zinatoka, stoki inasomeka, printa inachapa na kamera zinarekodi. Ilibidi niwaambie vijana wangu hivyo zaidi ya mara moja. Kinachoiua LAN ni umeme. Weka UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, kwenye seva, kisha uweke na kwenye swichi na ruta pia. Nimeona ofisi ina UPS kubwa chini ya kila meza na swichi imechomekwa ukutani moja kwa moja, umeme ukienda kila mtu ana kompyuta inayowaka isiyoona kitu.

Sasa WAN. Mwanza walianza kwa laini ya 4G, baadaye tukapata faiba. Juu ya hiyo intaneti ya kawaida fundi alijenga njia ya siri (VPN) kwa programu ya WireGuard kati ya ruta mbili, kwa hiyo kompyuta ya Mwanza inaiona seva ya Kariakoo kana kwamba iko chumba cha pili. WireGuard yenyewe ni bure na imo kwenye RouterOS, programu inayoendesha ruta za MikroTik, toleo la 7. Unacholipia ni intaneti za pande zote mbili, na upande mmoja unahitaji anwani ya IP (namba ya kutambulisha laini yako kwenye intaneti) ya kudumu inayoonekana kutoka nje. Kwenye laini za simu kwa kawaida huna hiyo anwani, mnachangia moja na wateja wengine wengi, kwa hiyo Mwanza ndiyo inayopiga hodi Dar, Dar ndiyo yenye anwani. Ulizia bei ya IP ya kudumu kabla hujasaini mkataba. Wengine wanaitoza pembeni, na haimo kwenye ile bei iliyoandikwa kwenye bango.

Kingine cha kuuliza mapema ni namba za ndani, yaani anwani za vifaa ndani ya LAN. Ruta nyingi zikitoka dukani zinatumia 192.168.1 au 192.168.0. Matawi mawili yakiwa na namba zile zile hayawezi kuonana, kwa sababu kila kompyuta inaitafuta nyingine hapo hapo ilipo. Sisi Dar ni 192.168.10, Mwanza ni 192.168.20. Kazi ya nusu saa ukiifanya mwanzo, na ya siku nzima ukiifanya wakati printa zote zimeshasajiliwa.

Malalamiko yangu makubwa kwa WAN ni kuchelewa, na hapo kuongeza kasi ya kifurushi hakukusaidia. Programu yetu ya stoki ni ya zamani. Ukifungua orodha inaiuliza seva maswali madogo madogo mamia, na haiulizi la pili mpaka ijibiwe la kwanza. Ndani ya LAN jibu linarudi chini ya milisekunde moja, huoni kitu. Kwenda Mwanza na kurudi sisi tunapata kama milisekunde 25. Maswali 300 mara 25 ni sekunde saba na nusu za kumtazama mteja machoni. Nilimpigia mtoa huduma nikiwa na hasira zangu, akaniuzia kifurushi kikubwa zaidi, na orodha ikaendelea kufunguka kwa mwendo ule ule. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na kutoka Dar hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwenda na kurudi tu ni milisekunde 11, kabla hujahesabu mitambo ya njiani. Hakuna kifurushi cha kuondoa hizo.

Kilichotuokoa ni kuacha programu ikae Kariakoo, karibu na data zake, na dada wa Mwanza anafungua dirisha la kompyuta ya Dar (remote desktop) kutoka kwake. Maswali yote 300 yanaishia ndani ya LAN, kinachosafiri ni picha ya kioo cha kompyuta tu. Orodha inafunguka papo hapo. Sharti langu moja: dirisha hilo lipite ndani ya ile njia ya siri. Jamaa yangu mmoja aliambiwa afungue mlango wa 3389, namba ambayo Windows hutumia kwa dirisha kama hilo, kwa dunia nzima ili mambo yawe rahisi. Mlango huo unapigwa hodi usiku na mchana na programu za wezi wanaobahatisha nywila. Fundi wangu alikataa katakata, na namshukuru kwa ukaidi wake.

Jaribio kubwa lilikuja Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazoleta intaneti, zilikatika kusini huko, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Wakati huo tulikuwa tunajaribu programu ya hesabu ya kulipia kwa mwezi, ambayo seva zake ziko Ulaya. Jumatatu asubuhi haikufunguka. Barua pepe zilisuasua, WhatsApp ikawa ya kubahatisha. Lakini dirisha la Mwanza lilifunguka, kwa sababu mazungumzo ya Dar na Mwanza yanapita kwenye faiba ya nchi kavu na hayana haja ya kuvuka bahari. Dukani nako tuliuza kama kawaida. Programu ile ya Ulaya sikuilipia tena. Siisemi vibaya, ni nzuri na ina ripoti safi, ila sitaki mauzo ya breki pedi za Gerezani yasubiri meli ya matengenezo ifike baharini.

Nikitoa alama, LAN naipa tisa kwa kumi, hiyo moja naikata kwa gharama ya mwanzo na vumbi la kutoboa kuta. WAN naipa sita. Kwa kazi moja haina mbadala: kujua leo Mwanza wamebakiwa na fani belti ngapi bila kupiga simu. Nakala ya akiba ya data pia tunaipeleka huko saa nne usiku, baada ya kufunga, yale mabadiliko ya siku tu, ili Kariakoo ikiungua tusianze na karatasi nyeupe.

Kwa mwenye duka moja, usiuziwe WAN. Weka LAN nzuri na intaneti ya kawaida, inatosha. Mwenye matawi mawili aanze na LAN pande zote kabla hajagusa kingine, kwa sababu nusu ya simu tulizompigia mtoa huduma tukisema laini mbovu, ubovu ulikuwa kwenye kichwa cha waya kilichobanwa vibaya pale pale mezani. Mwezi ujao tunarudisha ile laini ya 4G Mwanza kama akiba, ruta ihamie yenyewe faiba ikikatwa na wachimba mitaro.