Kipakatalishi cha Linux Malindi: uliza toleo kabla hujalipa

Mwezi jana nilinunua kipakatalishi cha mtumba hapa Malindi, Barabara ya Lamu, kikiwa kimeshawekwa Ubuntu, aina moja ya mfumo endeshi wa Linux. Kufika nyumbani, kila programu niliyotaka kuongeza yagoma. Kumbe nimeuziwa toleo la muda mfupi, lile linalopewa masasisho miezi 9 tu, na muda wake ulikwisha zamani. Fundi akanambia nitafute faili za .deb, yaani vifurushi vya kusakinishia programu, popote mtandaoni. Hapo ndipo mgeni wa Linux huponzwa: ghala rasmi la programu likifungwa huokota programu njiani, na faili ya .deb ukishaipa nenosiri lako huingia na mamlaka yote ya mashine.

RAM na betri wauzaji watakuimbia wenyewe. Mimi nauliza: programu zatoka wapi, nani azikagua, hadi lini?

Kati ya aina za Linux, ya kwanza ni Linux Mint, na mapenzi yangu siyafichi. Imejengwa juu ya Ubuntu LTS (toleo la masasisho ya muda mrefu), na Mint 22 itapata masasisho hadi 2029. Usichokipata kwenye ghala lake utakipata Flathub, ghala la mtandaoni la programu za Linux, na tangu toleo hilo la 2024, duka la Mint huficha programu za Flathub zisizothibitishwa na waliozitengeneza. Kizuizi hicho kiache kilivyo. Wengi hukifungua kwa ajili ya Chrome, ilhali Chrome ya Flathub haisimamiwi na Google, chukua .deb kwenye tovuti ya Google yenyewe, yatosha.

Ya pili, Ubuntu LTS. Itambue kwa nambari: mwaka wa shufwa, mwezi wa nne, kama 24.04. Duka lake la Snap limejaa, lakini mwaka 2018 mchezo wa 2048buntu ulikutwa humo ukichimba sarafu za kidijitali kimyakimya. Tazama jina la mchapishaji kwanza.

Debian ni salama, ila programu zake ni za zamani kidogo. Fedora huishi miezi 13 hivi kila toleo. Kwa bei ya bando zetu, kupandisha toleo kila mara ni mzigo. Arch waachie wazoefu: AUR, ghala lake la watumiaji, yeyote aweza kupakia humo, na Julai 2025 zilikutwa humo programu zenye virusi.

Mashine isiyo na mfumo, na Linux kwenye flashi? Nafuu, ukiwa na wa kukuwekea.

Kilichoniuma zaidi ni shilingi 2,000 nilizotozwa za "kuweka Linux". Linux ni bure. Nililipia kazi, na kazi yenyewe mbovu. Niliporudi dukani nikaambiwa mali ikishatoka hairudi. Basi kabla hujatuma M-Pesa, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) papo hapo kaunta, andika lsb_release -a uone toleo, muuzaji akitazama.