Kola ya mtetemo kwa mbwa kiziwi: miezi minne na Pamba, Kiamunyi

Kola hii, mkanda wa shingoni unaotetemeka ukibonyeza rimoti, niliinunua mjini Nakuru kwa shilingi 4,500, wiki ile daktari wa mifugo alipogonga sufuria kwa mwiko nyuma ya Pamba na Pamba asitikise hata sikio. Ni mweupe mwili mzima, hadi kope. Daktari alinieleza kwamba zile chembe zinazotia rangi kwenye ngozi na manyoya zinahitajika pia ndani ya sikio. Zikikosekana huko, sehemu ya kusikilizia hunyauka wiki chache tu baada ya mbwa kuzaliwa. Na sisi miezi yote hiyo tulikuwa tukimwita mkaidi. Iliniuma sana.

Rimoti ina vitufe vitatu: sauti, mtetemo na umeme. Cha sauti hakina kazi kwangu. Cha umeme kimebanana na cha mtetemo, na hilo ndilo kosa kubwa la kifaa hiki. Nilikiziba kwa selotepu siku ileile. Mbwa asiyesikia akipigwa umeme hajui umetoka wapi, ataogopa chochote alichokuwa anakitazama, hata mtoto wako.

Mtetemo wenyewe ni mzuri, ila usimvishe tu ukaanza kubonyeza. Mara ya kwanza Pamba aliruka, akajikuna shingo, akajificha chini ya meza. Basi kila jioni nikawa nakaa naye sakafuni na sahani ya maini ya kuku. Natetemesha kidogo, nampa kipande. Natetemesha, nampa. Siku ya tisa nilibonyeza akiwa amenipa mgongo, ananusa chini ya mlango. Masikio yakasimama, akageuka, akanikazia macho usoni. Nikamwonyesha dole gumba, ambalo kwetu ndilo “vizuri”, huku machozi yakinitoka.

Kola haimwambii “njoo”. Inamwambia “nitazame”, basi. Mengine yote ni mikono: kiganja kikishuka, lala; nikijipiga kifuani, njoo. Usiku nawasha na kuzima taa ya veranda mara mbili, anakuja mbio. Akiwa amelala simgusi ghafla, naweka mkono karibu na pua anuse kwanza.

Chaji inakaa siku mbili, si tano zilizoandikwa kwenye boksi. Vile vyuma viwili vya kola vinavyogusa shingo vilimtoa kidonda nilipomwacha nayo usiku kucha, kwa hiyo sasa naivua kila baada ya saa chache na kumkagua ngozi. Ukuta wa mawe ukiwa katikati yetu, rimoti haimfikii. Ndiyo maana nje ya geti bado namtembeza kwa kamba ya mita 10, maana boda boda za barabara ya Kabarak hazimpi mbwa nafasi ya kugeuka.

Nimemwomba muuzaji aniletee ya mtetemo peke yake. Akiileta, hii nitamrudishia hata kwa nusu bei.