Riviu ya meseji ya tokeni: ya mafuta inasema, ya laini za stima na betri za gridi inanyamaza

Watu huku Kisumu hufanyia riviu simu, viatu vya mtumba na mikahawa ya samaki, mimi leo nafanyia ile meseji inaingia ukishalipa tokeni ya stima kwa paybill 888880, juu hiyo ndio risiti tunapokea mara nyingi kuliko zote na karibu hakuna mtu huisoma akimaliza kubonyeza mita.

Mazuri kwanza. Inaingia fasta, zile namba 20 zimegawanywa nne nne hata gizani hupotei, na chini kuna Units, TknAmt na OtherCharges. Ukifungua hiyo OtherCharges ndio unapata mafuta, forex, inflesheni, EPRA (wasimamizi wa kawi), WRA (wa maji), REP (stima ya vijijini) na VAT, kila mmoja na senti zake. Hapo natoa heko kabisa, kuna bili za maji zenye hazikwambii hata nusu ya hayo.

Mstari wa mafuta ndio nataka tukae hapo kidogo. Sisi wa magharibi tuko mwisho wa waya, stima ya mvuke wa ardhini inatoka Olkaria kule Naivasha inapita Lessos ndio itufikie, na ikifika saa moja jioni kila mtu amewasha kila kitu volteji inalala, balbu inageuka manjano, friji inanguruma bila kugandisha, na welda pale Kondele elektrodi inamgandia kwa chuma badala ya kuyeyuka mpaka anafunga kazi anaenda zake. Ndio maana KenGen, kampuni ya kuzalisha stima, walihamisha mtambo kutoka Embakasi wakauleta Muhoroni, uchome mafuta kushikilia volteji ya huku. Hayo mafuta ni ghali na kila mwezi tunayalipa sote, hata mtu wa Lodwar, kupitia huo mstari mmoja. Na usiku wa manane, watu wakishalala, kule Olkaria mvuke mwingine unaachiliwa tu uende hewani juu hakuna wa kuutumia!

Sasa tunaambiwa dawa ni mbili, laini kubwa za kutuletea huo mvuke, na betri za gridi za kuweka stima ya usiku ziachilie jioni. Mimi sina ubishi na hiyo. Lakini laini na betri hazichomi mafuta, kwa hivyo pesa yake haiji kwa mstari wake wenyewe, inaingia ndani ya ile bei ya msingi, yaani TknAmt, yenye EPRA hupanga kwa miaka mitatu mitatu. Ile ya Aprili 2023 ilianza na shilingi 12.22 kwa yuniti ukitumia kidogo chini ya 30 kwa mwezi, 16.30 mpaka 100, na 20.97 ukipita hapo. Ndani ya hiyo 16.30 ngapi ni ya kuzalisha, ngapi ya laini? Meseji kimya. Na betri inalipwa kwa kukaa tayari, iwe imetumika sana jioni hiyo ama haijatumika, na kila ukiijaza na kuitoa kuna stima inapotea njiani.

Unaona mbona inaniuma. Kule Ziwa Turkana, upande wa Marsabit, tulishaona sinema yote, mitambo ya upepo ilikuwa tayari 2017 na laini ya kwenda Suswa, kilomita 428, ikakuja kuisha 2018, mkandarasi wa Spain alifilisika katikati. Stima yenye haikufika kwa mtu ikalipwa kama imefika, Euro milioni 127, milioni 46 serikali ikatoa na ingine ikapachikwa kwa bei ya kununua huo umeme miaka iliyofuata. Halafu ikaja ya Adani, kampuni ya India, dola milioni 736 kwa miaka 30, na laini ya Rongai hadi Chemosit ilikuwa ndani na substesheni ya Thurdibuoro hapa Nyakach pia, rais akaifuta Novemba 2024. Kelele ilikuwa nyingi juu ya nani anajenga, lakini tunalipa kuanzia lini hilo swali lilipita hivi hivi. Na sasa kuna Africa50, wawekezaji wa miundombinu Afrika, na PowerGrid ya India wa kujenga laini ya Kisumu–Musaga, mimi naitaka hiyo laini hata kesho.

Kwa maoni yangu EPRA wana dawa tayari mkononi. Stima inayopotea njiani wanaiwekea kikomo, ikizidi hapo kampuni inajibebea, haipiti kwa mteja. Wafanye hivyo hivyo kwa laini na betri: hakuna senti kuingia kwa bei mpaka iwashwe, siku ikizima bila sababu malipo yakatwe, na iwe na mstari wake kwa meseji. Juu hesabu yake si ngumu, mstari wa laini ukipanda, wa mafuta unafaa kushuka. Ikipanda yote miwili, watuambie mbona.

Nyota tatu kwa tano. Weka skrinshoti ya tokeni yako ya mwezi huu, gawanya pesa ya mafuta na yuniti zako uandike mahali, Kisumu–Musaga ikiwashwa utafute hiyo namba tena.