Garantii ya yadi na bima kubwa: giaboksi yangu imeangukia katikati

Mugonile wana Mbeya! Na ninyi wa Iringa, Njombe na Songwe, habari za huko kwenye baridi. Wengi mliniomba nirudi kuchambua ile Toyota Ractis baada ya miezi sita. Gari lenyewe mnaliona hapo nyuma yangu, limepandishwa juu ya magogo, giaboksi iko chini. Kwa hiyo leo nachambua makaratasi mawili niliyoyanunua pamoja nalo: garantii ya yadi iliyoniuzia gari, na bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe. Majina ya yadi na kampuni siyataji, tusije tukapelekana mahakamani.

Bei kwanza. Gari nilinunua milioni 14. Bima kubwa nikatozwa asilimia 3.5 ya thamani, yaani 490,000, ongeza VAT, jumla 578,200. Bima ndogo, ile inayolipia hasara za watu wengine tu, ingenigharimu 118,000. Nimelipa karibu mara tano ili nilale usingizi. Garantii ya yadi nilipewa "bure", miezi sita, injini na giaboksi. Bure kwenye alama za kufunga na kufungua, ndugu zangu.

Sasa kisa. Mwezi wa tano natoka Tukuyu na mama mzazi, buti limejaa ndizi na gunia la viazi. Tunafika Isyonje saa mbili usiku, ukungu ule mnaoujua, taa zinagonga ukutani kama umemwagiwa maziwa kwenye kioo. Kuna dereva wa lori alipaki mlimani, akaweka jiwe kwenye tairi, akaondoka akaliacha jiwe. Nimeliona liko mita tatu. Kitu "kwaa!" chini ya miguu ya mama.

Nikasimama, nikamulika na simu, mvua inanyesha, naona matairi mazima, bampa zima. Nikasema twende, hatulali porini na bibi wa watu. Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema wazi kabla hamjanisema ninyi kwenye maoni.

Tulishuka vizuri mpaka tunakaribia Igawilo. Ghafla injini inaunguruma, mshale unapanda, gari haliendi. Naweka D, haliendi. Naweka R, haliendi. Harufu ya kuungua ikajaa ndani mpaka mama akauliza nani anachoma mpira.

Angalieni hii. Sogeza kamera, kaka. Hii ndiyo sampo ya giaboksi, bakuli la chini linalobeba oili. Mnaona ufa huu? Hauzidi urefu wa kidole changu cha mwisho. Oili yote imepita hapa. Na hizi sumaku za duara humo ndani kazi yake ni kunasa vumbi la chuma. Zilitakiwa ziwe na utando kidogo tu, lakini hizi zimeota manyoya. Giaboksi hii ni CVT, haina gia zile za kawaida, ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kinachoubana ni presha ya oili. Oili ikiisha, mkanda unateleza, unazila puli. Fundi alipaka kidole, akanionyesha kinang'aa kama kimepakwa rangi ya fedha, akasema, "Mzee, hapa hakuna cha kukarabati."

Nikaenda na garantii. Yadi wakageuza karatasi upande wa nyuma, ambako mimi sikuwahi kugeuza: haihusu kugonga. Wakaongeza na la pili, kwamba sevisi ya kilomita 5,000 sikufanyia gereji yao. Gereji yao iko Dar! Yaani nitoke Mbeya kwenda Dar na kurudi, zaidi ya kilomita 1,600, ili nibadilishiwe oili. Nikitoka huko sevisi inayofuata inakuwa inakaribia.

Nikaenda bima. Hawa niwe mkweli, walinipokea vizuri. Mtathmini alikuja siku ya tatu, akapiga picha, akauliza swali moja tu: "Ulipogonga na gari lilipozima ni sehemu moja?" Nikajibu ukweli. Kumbe swali lile lilikuwa na thamani ya milioni moja na nusu. Wakakubali sampo, oili na ufundi, 420,000. Wakatoa ekses, ile pesa unayojibebea mwenyewe kwanza, 250,000. Nimebaki na 170,000. Giaboksi hawalipi, eti haikuvunjwa na jiwe, imeuawa na mimi niliyeendelea kuendesha.

Mnaona ilivyo? Yadi wanasema ni ajali, nenda bima. Bima wanasema ni uharibifu wa mashine, nenda yadi. Na kila mmoja, ukisoma karatasi yake peke yake, ana hoja. Ndiyo maana imeniuma.

Alama zangu. Garantii ya yadi, 2 kwa 10, na hizo mbili ni za karatasi nzuri. Bima kubwa, 6. Kama gari lingepinduka Kitonga ningewasifu hapa, na nitaikata tena mwakani. Ila nitauliza kwanza mambo mawili: ekses ni kiasi gani, na brekidauni wanalipia mpaka wapi. Ningejua kama wanalipia kuvutwa, ningezima gari palepale Isyonje, tukakaa na mama tukila ndizi.

Kuhusu kulalamika: kampuni nimeshaiandikia barua, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ninayo. Wakigoma, hatua inayofuata ni Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya.

Giaboksi ya mtumba imepakiwa Dar jana, 1,650,000 bila nauli. Nikamuuliza muuzaji kuhusu garantii. Akacheka kwenye simu. Akasema, "Garantii ni ya kufunga tu, bosi. Ikishashika gia, hatujuani."