Uzoefu wangu na Session ya Requests: muda imeniokolea, ila haijui muunganisho uliokufa

Natunza programu ya chama cha ushirika wa maziwa kinachokusanya kutoka Njoro, Molo na Dundori. Kazi yenyewe si kubwa: maziwa yakishapimwa kituoni, mkulima apate SMS ya kilo zake papo hapo. Programu ni ya Python, imekaa kwenye kompyuta moja ofisini Nakuru mjini, intaneti ni modemu ya 4G, na SMS zinapitia kwa kampuni ambayo seva yake iko Ulaya. Ukiwa na modemu huku na seva kule, utajali jambo ambalo wengi hawaligusi kabisa, yaani jinsi Requests, maktaba ya Python ya kutuma maombi ya HTTP kwa seva, inavyohifadhi miunganisho iliyokwisha kufunguliwa.

Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima ndiyo yenye maneno mengi.

Kwanza sifa. Ukiita requests.post() hivi hivi, kila ombi hufungua muunganisho wake na kuufunga likiisha. Kabla kilo za mkulima hazijatoka Nakuru kuna safari ya kwenda na kurudi ya TCP (kufungua muunganisho), kisha ya TLS (kukubaliana usimbaji): moja kwa TLS 1.3, mbili kwa TLS 1.2. Kila safari inapita kebo ya baharini hadi Ulaya na kurudi. Mkulima wa pili akifika, yote yanaanza upya. Ukiunda Session moja (kitu cha Requests kinachotunza miunganisho kati ya ombi na ombi) na kuitumia kwa wote, muunganisho unabaki wazi ukingoja ombi linalofuata. Si jambo geni, HTTP/1.1 imelifanya kuwa la kawaida tangu 1997. Tofauti niliiona kituoni kwenyewe: saa moja hadi saa tatu asubuhi makarani wanapima mfululizo, karani anabonyeza, na simu inalia kabla mkulima hajafunika mtungi. Zamani foleni ya SMS ilikuwa ikiburuta hadi wakulima wameshafika nyumbani.

Kazi ya kuhifadhi hasa inafanywa na urllib3, maktaba iliyo chini ya Requests. Usipobadilisha kitu, akiba ni ya seva 10, na kila seva miunganisho 10. Ukiwa na thredi 20 (kazi zinazokwenda sambamba) haitakuzuia. Itafungua ya ziada kisha iitupe ikirudi, na kwenye logi utasoma "Connection pool is full, discarding connection". Hakuna kilichoharibika, ila unalipia salamu mpya za TCP na TLS ambazo ungeziepuka. Fanya pool_maxsize (idadi ya miunganisho kwa kila seva) iwe sawa na idadi ya thredi zako, yaishe.

Sasa ile nyota. Baada ya saa tatu kituo kinatulia hadi maziwa ya jioni, na miunganisho ya asubuhi inabaki kwenye akiba bila mtu wa kuiuliza umri. Ni kweli urllib3 huchungulia kabla ya kuutumia tena: kama seva iliaga vizuri, inafungua mwingine na wewe hujui lolote. Shida ni pale ambapo seva inafunga wakati uleule unapotuma. Programu ya seva ya Apache isipobadilishwa husubiri sekunde 5 tu, ya nginx 75. Hapo unapata "Remote end closed connection without response" na ombi lako liko hewani.

Mbaya zaidi ni mtandao wa simu kuusahau muunganisho kimyakimya, usiambie upande wowote. Ombi linatoka, jibu haliji. Requests haina kikomo cha kusubiri usipoiwekea, na Linux yenyewe hutuma tena na tena kwa takriban dakika 15 kabla ya kukata tamaa. Karani wa Dundori ananipigia saa kumi jioni: "Boss, mtambo umelala." Utamweleza nini?

Wenzao wamelifikiria hili. HTTPX, maktaba nyingine ya Python, huondoa muunganisho uliokaa bure sekunde 5, maktaba ya OkHttp ya Android dakika 5, na zote mbili zinakuruhusu kubadilisha. Kwa Requests hakuna kitufe hicho. Tena akiba yake hutoa kwanza kilichoingia mwisho, kwa hivyo saa za utulivu muunganisho mmoja ndio unaofanya kazi na mingine inazeeka chini yake.

Usikimbilie kurudia ombi kila likikwama. Programu niliyoirithi ilikuwa ikirudia kwa kosa lolote, mpaka mama mmoja wa Molo akaja ofisini na simu mkononi: "Kijana, kilo zangu zimeandikwa mara mbili, ama mmeniongezea?" Muunganisho ukikatika kabla ya jibu, huwezi kujua kama SMS ilitoka au la. Hapa nawasifu watengenezaji: Requests hairudii chochote usipoiagiza, na hata ukiiwekea Retry ya urllib3, POST (ombi la kutuma data) hurudiwa tu pale kuunganisha kwenyewe kulikoshindwa. Ikikwama kwenye kusoma jibu, inakuachia uamuzi.

Nilivyopanga ni hivi: timeout=(3.05, 20) kwa kila ombi, yaani sekunde 3.05 za kuunganisha na 20 za kusubiri jibu, na kuandika saa Session ilipotumika mwisho. Ikikaa bure zaidi ya dakika moja naiita close() na kuunda nyingine. Kila upimaji una namba yake inayokwenda pamoja na ombi, na upande wa SMS hukataa namba iliyokwisha kupita, kwa hivyo sasa narudia bila woga. TCP keepalive (ujumbe mdogo wa kupima kama muunganisho ungali hai) sikuitegemea. Linux husubiri saa 2 kabla ya kutuma ya kwanza, na maziwa hayana saa 2.

Kama skripti yako inatuma ombi moja kwa siku, Session haitakuongezea kitu. Kama unaanza mradi leo na laini yako ni ya modemu, angalia HTTPX kwanza. Mimi nimebaki hapa kwa sababu kuhamisha programu nzima kwa ajili ya kitufe kimoja ni kazi ambayo ushirika hautanilipia.