Nilinunua RAM kwanza, bodi ikafuata: uzoefu wangu na mazabodi ya Gigabyte B550M DS3H

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, sendofu na kicheni pati hapa Dar es Salaam. Kwa miaka sita nimekula kupitia kompyuta moja ya mtumba, zile za ofisini zinazoshushwa kwa kontena: prosesa ya Core i5-4590, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 16 za DDR3, kizazi cha zamani, na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti niliyoichomeka mwenyewe kwa sababu haidai waya wake wa umeme. Haikuwa mbaya. Ilianza kunishinda nilipobadilisha kamera nikawa narekodi 4K. Bibi harusi anaingia ukumbini, nasogeza kishale, picha inaganda. Naenda kuchemsha chai, narudi, mguu wake bado uko hewani.

Nilifikiria kuongeza RAM ifike GB 32, ambacho ndicho kikomo cha mashine ile. Nikajizuia. Prosesa ya mwaka 2014 yenye viini vinne haiponi kwa RAM, halafu Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 prosesa hiyo haimo kwenye orodha yake. Kuinunulia DDR3 leo ni kupaka rangi nyumba iliyokwisha kuwekwa alama ya X.

Fundi wangu, kama mafundi wengi, alianzia kwenye prosesa: "Chagua prosesa kaka, mazabodi na RAM vitafuata." Miaka miwili iliyopita ningemsikiliza. Januari 2026 nilipozunguka Kariakoo na Posta kuulizia bei, niligundua kwamba safari hii RAM ndiyo yenye harusi. Seti ya GB 32 ya DDR5, kizazi kipya cha RAM, niliambiwa laki tisa na nusu. Bodi na prosesa nilizokuwa nazifikiria, kwa pamoja, hazikufika laki saba. Si uchoyo wa wenye maduka. Samsung, SK hynix na Micron, ambao ndio wanaoshika sehemu kubwa ya soko, wamegeukia kutengeneza kumbukumbu za seva za akili unde, na Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa ambayo wengi wetu tumeizoea kwenye maboksi ya RAM.

Basi nikageuza utaratibu: kwanza nipate RAM ninayoimudu, kisha nitafute bodi inayoikubali. AM5, soketi mpya ya prosesa za AMD, ikaondoka mezani hapo hapo, maana soketi ile haipokei kingine zaidi ya DDR5. Nikabaki na ya mtumba ya DDR4, kizazi kilichotangulia.

Hapo ndipo penye mitego, na ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Muuzaji wa kwanza alinitolea RAM za GB 16 kwa bei iliyonifanya nimwangalie mara mbili. Zilikuwa za seva. Zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, ila bodi ya kawaida haiwaki nazo. Kinachoziumbua ni stika. Kwenye stika ya DDR4 kuna maandishi kama PC4-3200AA yakifuatiwa na kistari na herufi. Herufi hiyo ikiwa R, ni ya seva. S ni ile fupi ya laptopu. Unayoitaka ni U. Namba ya katikati ndiyo kasi, na usikubali kusomewa na muuzaji; vaa miwani usome mwenyewe. Mimi niliambiwa "hii 3200 bosi" juu ya RAM iliyoandikwa 2666.

Duka la tatu nikapata Samsung mbili za GB 16, zote 3200AA-U, laki moja na nusu kila moja. Nikamwambia yule kijana, "Mdogo wangu, nipe siku tatu. Ikileta makosa narudi." Akakubali, akaandika nyuma ya risiti.

Bodi sasa. Kwa DDR4 kuna njia mbili. Ya Intel ni soketi ya LGA1700, ambako bodi za aina moja hutoka kwa DDR4 na nyingine kwa DDR5, kwa hiyo lazima usome boksi kwa makini. Ya AMD ni AM4. Niseme ukweli: kama kamera yako inarekodi 4:2:2 ya biti 10 (rangi nyingi zaidi) kwa HEVC, mfumo wa kubana video, nenda Intel, kwa sababu picha ya ndani (kadi ya picha iliyojengwa ndani ya prosesa) ya Core i5-12400 inalifungua faili hilo bila jasho. Kamera yangu inarekodi 4:2:0 ya biti 8, na hilo hata 1050 Ti yangu inaliweza. Nikachukua Ryzen 5 5600, viini sita, nyuzi kumi na mbili, laki tatu na elfu kumi.

Kwa nini B550M DS3H? Sababu kubwa ni sloti nne za RAM. Bodi nyingi za bei ya chini zina mbili tu, na ukishazijaza, siku ya kuongeza unauza za zamani kwa hasara. Pili, sloti yake ya kwanza ya M.2, ya kuchomeka SSD, ni PCIe 4.0, njia ya data yenye kasi kuliko 3.0, ambayo kwenye bodi za A520, za bei ya chini, hupati. Tatu ni Q-Flash Plus, kitufe cha kusasisha BIOS, programu inayoiwasha bodi, hata bila prosesa. Chipseti (chipu kuu ya bodi) ya B550 iliingia sokoni Juni 2020, Ryzen 5000 zikaja Novemba, hivyo boksi lililolala dukani muda mrefu linaweza kuwa na BIOS isiyoijua prosesa yako. Unachukua flashi iliyofomatiwa FAT32, unaliita faili la BIOS GIGABYTE.bin, unachomeka kwenye tundu lililowekewa alama, unabonyeza. Yangu haikuhitaji, lakini nililala nikiwa na amani. Nilitoa laki mbili na tisini.

Kasha la zamani sikuweza kulitumia. Pawa saplai yake ilikuwa na plagi ya pini nane ya kwake peke yake, wakati bodi ya kawaida inataka pini 24. Kasha na pawa saplai ya wati 550 vilikula fedha ambayo sikuwa nimeipangia.

Kuwasha mara ya kwanza: feni zinazunguka, kioo cheusi. Nilihangaika nusu saa nikitoa na kurudisha RAM, jasho linadondokea bodi, kumbe nilichomeka HDMI kwenye bodi badala ya kadi. Ryzen 5 5600 haina picha ya ndani, kwa hiyo tundu lile kwake ni pambo. Kosa la pili niliona kwenye CPU-Z, programu inayoonyesha vifaa vya kompyuta: nilipachika RAM kwenye sloti mbili zilizofuatana, zikawa zinafanya kazi kwa chaneli moja, yaani njia moja ya data badala ya mbili. Nikazihamishia ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, chaneli zikawa mbili. Video ya dakika arobaini ikatoka kwa dakika 38 badala ya 43.

Usiku nikaiacha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikimbie raundi zake nne. Umeme ukakatika raundi ya tatu. Nikaanza upya kesho yake, na RAM moja ikamwaga mistari myekundu. Nikairudisha na ile risiti. Kijana hakubisha, akanipa nyingine, na hiyo ikapita safi.

Kasoro za bodi? Haina Wi-Fi, nimenunua ya kuchomeka kwenye USB. M.2 haina bati la kupozea. Sloti ya pili ya M.2 ni PCIe 3.0 yenye njia mbili tu, kwa hiyo SSD ya kasi usiiweke huko. RAM zangu nazo ni CL22 (kipimo cha kuchelewa kujibu), nzito kuliko za CL16 za wacheza gemu, ila kwenye kuhariri sijauona uzito huo. Ninachokiona ni kwamba nikiwa na Premiere ya kuhariri na kivinjari pamoja, GB 23 zinatumika na hakuna kinachoganda. Video ya dakika arobaini iliyokuwa inanichukua saa moja na nusu kutoa, sasa ni hizo dakika 38.

Sloti mbili bado ziko wazi. Juzi yule kijana amenipigia kwamba amepata 16 mbili nyingine za aina ile ile, kila moja imepanda elfu arobaini. Nimemwomba aniwekee hadi nilipwe ya harusi ya Kigamboni.