Tangi la Kukingia Maji ya Mvua kwa Ajili ya Bustani: Aina Tano na Nafasi Ninayoipa Kila Moja

Wengi wanaotaka kukinga maji ya mvua huanza kwa kuuliza bei ya tangi, ilhali la kutangulia ni kujua bustani inahitaji maji kiasi gani tangu mvua inapokatika hadi inaporejea. Mita moja ya mraba ya maua au mboga huhitaji takribani lita 5 kila inapomwagiliwa vizuri. Kwa hiyo bustani ya mita za mraba 20 inayomwagiliwa mara mbili kwa wiki hutumia lita 200, na ukame wa wiki sita utahitaji lita 1,200. Kwa upande wa paa, kila milimita ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja, hivyo paa la mita za mraba 60 likipata milimita 20 hutoa lita 1,200, ingawa ni busara kukadiria kwamba sehemu moja kati ya tano itapotea njiani. Ukishapata hesabu hizo mbili, utajua kwamba tangi kubwa kupita kiasi halikuongezei kitu.

Nafasi ya kwanza naipa tangi la plastiki nzito lenye rangi nyeusi au ya kijani kilichokolea. Mwanga usipopenya, mwani hauoti, na koki na mipira haizibi. Hakikisha plastiki yake imewekewa kinga dhidi ya miale ya jua, kwa kuwa isiyo na kinga hukauka na kupasuka. Mkiwa dukani, mwambie muuzaji alitoe tangi juani, fungua mfuniko na uchungulie ndani: ukiona kuta zinang'aa kwa mwanga wa nje, liache. Kagua pia mahali pa kufungia koki, kwani nyuzi (mikato ya kukazia koki kwa kuizungusha) za chuma zilizozamishwa ukutani hudumu kuliko nyuzi za plastiki. Kumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo tangi la lita 2,000 likijaa hubeba tani 2, na msingi usio sawa au wenye mawe yaliyochomoza utaliharibu kitako. Ukiliinua mita moja, maji yatatiririka polepole kwenye mpira au kwenye mfumo wa matone unaotumia msukumo mdogo. Kinyunyizio kinachozunguka kitahitaji pampu.

La pili ni tangi la saruji na wavu wa chuma linalojengwa papo hapo. Likijengwa na fundi hodari na kumwagiliwa maji kwa siku kadhaa ili saruji ikomae, huishi miaka mingi kuliko la plastiki, lakini halihamishiki, na ubora wake wote uko mikononi mwa fundi huyo. Maji ya mwanzo hubeba chokaa ya saruji, kwa hiyo usiyapeleke kwenye mimea inayopenda udongo wenye tindikali.

Tangi la mraba la lita 1,000 lililo ndani ya fremu ya chuma, ambalo mara nyingi huuzwa likiwa limekwisha kutumika, nimeliweka la tatu kwa masharti mawili: ujue kwa hakika lilibeba nini awali, na ulifunike au kulipaka rangi nyeusi, maana plastiki yake nyeupe hupitisha mwanga. Muuzaji asipoweza kueleza lilikuwa na nini, usinunue.

Pipa la lita 200 ni la nne. Linafaa kwa mimea ya vyungu, lakini kwa bustani tuliyoipigia hesabu hapo juu litakwisha baada ya kumwagilia mara mbili tu. La mwisho ni tangi la kufukiwa ardhini, linalookoa nafasi lakini likadai uchimbaji na pampu, tena mahali penye maji ya ardhini yaliyo karibu linaweza kuinuliwa likiwa tupu.

Aina yoyote utakayochagua, usitumie bajeti yote kwenye tangi. Tenga fedha za wavu wenye matundu yasiyozidi milimita moja kwenye kila uwazi, kwa sababu katika hali ya joto mbu huweza kukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi. Nunua pia kifaa cha kumwaga maji ya kwanza yanayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege. Milimita moja kwenye paa letu la mita za mraba 60 ni lita 60 za kuachwa. Bomba la kufurikia lisiwe jembamba kuliko bomba linaloingiza maji, na lielekezwe mbali na msingi wa nyumba, kwenye shimo lililojazwa kokoto au kitanda cha mimea kilichochimbwa chini kidogo ya usawa wa uwanja, ambako maji ya ziada yatazama ardhini badala ya kuubeba udongo wako.